Saa Tisa na Dakika Nane

Karatasi niliyochapisha stesheneri iliandika 09:08. Mimi nikasoma saa tatu asubuhi. Mwenzangu, fundi baiskeli, akasoma saa tisa mchana. Tukabishana jioni nzima uani kwa mjomba, pale Mtwara, Agosti 2016, wiki tatu kabla ya jua kupatwa.

Mjomba alikuwa anachomelea geti la mtu. Akavua miwani, akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho.

"Wajomba, hii saa ya nani?"

Pembeni palikuwa na herufi mbili, UT, ambazo sote tulizipita. Ni saa ya dunia, ile ya Greenwich. Kwetu unaongeza tatu. Kwa hiyo ni saa sita na dakika nane mchana, utosini. Fundi aliomboleza kidogo, kwa sababu ratiba yake ilikuwa tufike Mangaka siku hiyohiyo baada ya chakula.

Mangaka tuliichagua kwa uzi. Pete, yaani ukingo wa jua unaobaki kuuzunguka mwezi, ingeonekana kwenye ukanda wenye upana wa kilomita 100 hivi, unaotoka Rujewa kule Mbeya, unakata kusini na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Tuliunyoosha uzi kwenye ramani ya ukutani: Masasi ilibaki mbali na mstari wa katikati, Mangaka ikawa karibu nao.

Kilichobaki ni njia. Fundi alitaka tupande Tandahimba na Newala, njia fupi machoni. Nilikataa. Wakati ule ilikuwa vumbi tupu, na anayeijua nyanda ya Makonde anajua shida ya maji kule juu. Dumu la lita tano lingekuwa utani. Tukakubaliana lami: Mikindani, Mingoyo, Mtama, Ndanda, Masasi. Kama kilomita 250 hadi Mangaka, siku tatu, tuondoke Jumatatu.

Mama naye alikuwa na hesabu zake. Septemba mosi, siku yenyewe ya kupatwa, ndiyo tarehe ambayo Chadema, chama cha upinzani, walitangaza maandamano yao ya UKUTA.

"Na mizigo hiyo kwenye keria, mkiulizwa mtasema mnakwenda wapi?"

"Kuangalia jua, mama."

"Kwani la hapa lina nini?"

La hapa lingemegwa tu, nikamweleza. Akaniangalia kama mtu anayesubiri niendelee. (Maandamano yaliahirishwa Agosti 31, sisi tukiwa tumeshapita Ndanda.)

Mjomba akatupatia kioo cha kuchomelea. Si kile chake cha kila siku. Alizunguka kwa mafundi wenzake mpaka akapata namba 14, akisema namba ndogo zinafaa moto wa welding, si jua. Yeye alitaka tumpigie simu giza likiingia. Nilijaribu kumwambia giza halitaingia: mwezi safari ile ulikuwa mbali nasi, umbo lake dogo kuliko jua, ungebakiza ukingo. Alisema tutaona.

Safari yenyewe haina maneno mengi. Upepo wa mbele, kilima cha kutoka Mikindani, mikorosho yenye maua pande zote, makalio kuuma.

Alhamisi saa sita kasoro, Mangaka, tairi la nyuma la fundi likaisha upepo. Akaigeuza baiskeli chini ya mkorosho, akachomoa tyubu, akaomba beseni la maji kwa mama muuza mihogo. Mwanga ulikuwa umepoa kama wa jioni, ila vivuli vilikuwa vifupi na vikali. Niliinua kioo: pete, nyembamba, imekamilika. Zingekuwa dakika tatu tu.

"Njoo!"

"Subiri, naona mapovu."

Nilipogeuka kumgombeza, mwanga uliopenya majani ulikuwa umemwagika pete ndogondogo juu ya beseni, juu ya kiraka, juu ya mikono yake yenye gundi. Alikuwa amekishikilia kidole kwenye tundu, hataki kukisogeza, anaziangalia.

Simu ikaita. Mjomba.

"Giza limeingia?"