Bastola ya Mirathi

Bastola ilitolewa kwenye ghala la silaha la kituo cha polisi ikiwa bado ndani ya holsta ya ngozi, mfuko wake wa kuibebea kiunoni, na kabla sijaigusa nilishajua kutu nitaitafutia wapi. Ngozi hunywa unyevu na kukaa nao, na chumvi za kutengenezea ngozi hula chuma polepole bila mtu kuona. Njombe mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka jua likolee. Bastola iliyolala kabatini masika baada ya masika, imevishwa ngozi, haiwezi kutoka salama pande zote.

Tulikuwa wanne mezani: afande mtunza ghala, mtoto mkubwa wa marehemu ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, mnunuzi, yaani mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga, na mimi niliyeitwa kwa ajili ya ufundi wa silaha. Familia iliikabidhi polisi mara baada ya msiba, kama inavyotakiwa, na mnunuzi alikwishapata kibali chake cha kununua. Salamu zikapita, kamwene huku na huku, kisha mnunuzi akaniambia, "Fundi, wewe niangalizie tu kama inapiga."

Kupiga ndilo swali jepesi kuliko yote. Bastola mbovu nayo hupiga. Swali zito ni itapiga mfululizo mara ngapi bila kukwama, na kikivunjika kitu ndani yake kitapatikana wapi.

Ilikuwa CZ 75 B, silaha ya Kicheki ya kiwanda cha Uherský Brod, inayotumia risasi ya 9 x 19, yaani kipenyo milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19. Nilitoa magazini, kile kikasha cha risasi, nikavuta nyuma slaidi, kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, nikaangalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho kisha nikaingiza kidole. Macho hudanganywa na kivuli, kidole hakidanganywi. Afande naye nikamwomba aangalie, ndipo tukaanza.

Kwanza namba. Kwenye CZ namba hugongwa kwenye fremu, yaani mwili wenye mshiko, kwenye slaidi na kwenye mtutu, pale unapoonekana kupitia tundu la kutolea maganda. Zote tatu zililingana na leseni ya marehemu. Mtutu ukiwa na namba nyingine kuna mambo mawili: ama ulibadilishwa kihalali na karatasi zipo, ama silaha mbili zimeunganishwa kuwa moja, na hapo hata ukipewa bure usichukue, maana siku ya ukaguzi maelezo utatoa wewe. Nilipapasa ukingo wa tarakimu kwa ukucha. Zilikuwa kali, hazijasuguliwa kwa tupa wala msasa. Muhuri wa majaribio wa Kicheki hubeba tarakimu mbili za mwaka, kwa hiyo umri wa silaha haukuhitaji kubuniwa.

Mnunuzi alikuwa ameshaanza kukunja uso kwa sababu ya rangi. Sehemu za mbele za slaidi zilibanduka, weupe wa chuma ukaonekana kwenye kingo. Nikamwambia hilo lisimsumbue. Rangi nyeusi ya CZ ya aina hii hupakwa juu ya chuma, na hubanduka kwa kuingia na kutoka kwenye holsta. Inaeleza jinsi ilivyobebwa, haielezi jinsi ilivyopigwa. Mimi huogopa zaidi bastola kuukuu inayong'aa: mtu amepaka rangi upya, na kabla ya kupaka alisugua, na aliposugua alifuta herufi na kupunguza kingo. Kama kuna alichoficha, amekificha hapo.

Kisha akaleta hoja mbili alizokuwa amezishika tangu alipoionyeshwa mara ya kwanza. "Sefti yake mbovu, haipandi. Na magazini inang'ang'ania, ukibonyeza haidondoki." Alitaka ashushe bei kwa hizo. Mtoto wa marehemu akainamisha kichwa, naye alidhani ni ubovu. Lakini sefti ya CZ 75, kile kidude cha kuizuia isifyatuke, hupanda nyundo ikiwa imekokiwa tu, yaani imevutwa nyuma tayari kupiga. Nyundo ikiwa chini haipandi, ndivyo ilivyoundwa. Na magazini haidondoki yenyewe kwa sababu nyuma ya tundu lake kuna bapa la chuma linaloikamata kidogo, ili ukibonyeza kitufe kwa bahati mbaya usiiache barabarani. Hoja zote mbili nikazitoa mezani. Niliitwa nipime silaha, sikuitwa nimsaidie mnunuzi kupata punguzo la uongo.

Sasa majaribio bila risasi. Nilikoki, nikapandisha sefti, nikavuta kifyatulio kwa nguvu, nikaachia, kisha nikashusha sefti bila kugusa kifyatulio. Nyundo ikabaki juu. Ingeanguka pale sefti inaposhuka, tungeishia hapo. Nikasukuma nyundo kwa dole gumba kutoka nyuma kuelekea mbele ikiwa imekokiwa. Meno yanayoishika yakiwa yameliwa, au mtu ameyapiga tupa ili kifyatulio kiwe chepesi, nyundo huponyoka. Haikuponyoka.

Kwa jaribio la penseli niliazima penseli ya afande. Unaiingiza kwenye mtutu upande wa raba ukitangulia, mdomo wa bastola ukiangalia juu, unafyatua. Pini ya kufyatulia, ile inayogonga kitako cha risasi, ikiwa hai na springi ya nyundo ina nguvu, penseli huruka nje. Yetu ilipanda ikatoka nusu tu, ikarudi. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikaanza kuhisi tatizo liko wapi, ila sikusema.

Kuifungua CZ unarudisha slaidi milimita chache mpaka mistari miwili midogo iliyochongwa nyuma, mmoja kwenye slaidi na mwingine kwenye fremu, ikutane. Kisha unasukuma pini ya kizuia slaidi, kifaa kinachoshika slaidi nyuma risasi zikiisha, kutoka kulia itokee kushoto. Mtu akiigonga kwa nyundo huiumiza bure. Ilipotoka niliifuta, nikaipaka mafuta mepesi, nikaifuta tena mpaka ikauka, nikaiweka kando. Pini hii hubeba kishindo cha kila risasi, na ndiyo inayojulikana kwa kuvunjika kwenye CZ 75 zilizopigwa sana. Ufa mwembamba hauonekani, lakini mafuta yaliyoingia ndani yake hurudi juu baada ya dakika chache yakachora mstari. Yetu ilibaki kavu.

Mtutu nikauelekeza dirishani, nikaweka karatasi nyeupe nyuma yake. Mifereji sita, kingo zake kali. Nilichokuwa nakitafuta hasa ni pete: kivuli cheusi kinachozunguka mtutu mahali pamoja. Pete inaonyesha kichwa cha risasi dhaifu kiliwahi kukwama ndani na mtu akapiga nyingine nyuma yake, mtutu ukavimba. Mara nyingine kwa nje huoni kitu ila kidole kinahisi uvimbe. Haikuwapo. Juu ya mtutu, meno yanayoingia kwenye slaidi wakati wa kujifunga yalikuwa yamesuguka yakang'aa, jambo la kawaida, lakini pembe zake hazikuwa za mviringo wala hazikugongeka zikatoa ndimi. Hapo ndipo idadi ya risasi husomeka. Marehemu hakuipiga sana. Mtoto wake alisema hivyo, na chuma kikamuunga mkono.

Springi ya kurudishia slaidi ilikuwa imefupika. Nilikwishaipima kabla ya kufungua: unaelekeza mdomo juu, unarudisha slaidi kidogo, kisha unaiachia taratibu ukiizuia kwa mkono. Springi nzima huisukuma mpaka mwisho. Hii ilisimama kabla ya kufika, ikahitaji kusukumwa kidogo. Springi iliyochoka ina madhara mawili: slaidi hurudi kwa kishindo kikubwa kugonga fremu, na inaporudi mbele haina nguvu ya kuingiza risasi ya kwanza ya magazini iliyojaa. Wengi huibadilisha kila baada ya risasi elfu tatu hadi tano, na hii haikufika huko hata kidogo. Uzee na kutu ya juujuu ndivyo vilivyoimaliza.

Nikageukia slaidi. Kwenye CZ 75 B pini ya kufyatulia hushikiliwa na kipini kidogo chenye uwazi katikati, kilichopita ubavuni mwa slaidi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiielekeza slaidi kwenye mwanga unapaswa kuona upande wa pili kupitia uwazi wa kipini hicho. Nilielekeza dirishani: mwanga haukupita. Nikamwita mtoto wa marehemu aje aone.

"Mzee alikuwa akiifyatua tupu?"

"Jioni, fundi, akiwa anaangalia taarifa ya habari. Kila siku karibu."

Ndicho kilichoipata penseli. Ikifyatuliwa bila risasi wala risasi ya bandia chemba, pini ya kufyatulia haina cha kuisimamisha isipokuwa kile kipini. Kidogo kidogo kinapondeka, uwazi unaziba, mwisho kinakatika na pini inakwama. Kilikuwa hakijakatika ila kilikuwa njiani. Ni kifaa kidogo na rahisi, fundi hukitoa kwa chuma chembamba na nyundo ndogo. Hasara yake ni kwamba hukatika siku unayohitaji bastola. Kizuizi cha pini ya kufyatulia, ambacho ndicho kinachoitofautisha B na CZ 75 za mwanzo, kilikuwa kizima: nilisukuma pini kwa nyuma haikuchomoza, nikabonyeza kizuizi ikachomoza.

Kutu niliiacha mwisho. Nikafungua skrubu za vipande vya mshiko. Chini ya kipande cha kulia, upande uliokuwa ukilalia kabati, chuma kilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mnunuzi akarudi nyuma hatua. Lakini vishimo vya pale havizuii kitu kufanya kazi: fremu ya CZ ni ya chuma, ni nene, na hakuna kinachosuguana pale. Unaondoa kutu kwa mafuta na pamba ya chuma laini, unapaka rangi, unafunga. Thamani ndiyo hupungua, kwa sababu mnunuzi atakayefuata naye atafungua skrubu. Vishimo vile vingekuwa ndani ya chemba, maganda yangekwama, na ningemwambia aache.

Afande alitupatia nafasi kwenye uwanja wa shabaha, naye akasimamia. Mnunuzi alileta boksi moja la risasi 50. Nilimuuliza alipoagiza alisema nini, akajibu, "za milimita tisa". Bahati aliyemuuzia alimuuliza ni za bastola gani. Makarov nayo huitwa ya milimita tisa, ila ganda lake lina urefu wa milimita 18 na kichwa chake ni kinene zaidi, haziingiliani.

Silaha usiyoijua huijazi. Tulianza na risasi moja, kisha mbili, kwa sababu meno mabovu yanaweza kuifanya ipige mbili kwa mvuto mmoja, na mtu aliyejaza 15 hapo hatakuwa na udhibiti. Kisha tano, kisha magazini kamili. Baada ya kila awamu niliokota maganda. Alama ya pini kwenye fataki, kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda, ilikuwa katikati, ila mbili zilikuwa na alama ya kina kidogo kuliko nyingine. Kipini kilichopondeka kinajieleza. Maganda hayakuvimba upande mmoja wala kupasuka, kwa hiyo chemba ni nzima. Magazini ya kwanza ilifanya kazi yake. Ya pili, baada ya risasi ya mwisho, haikuacha slaidi nyuma. Ilijifunga juu ya chemba tupu. Mnunuzi akasema kizuia slaidi kimekufa. Tukaingiza ile ya kwanza na risasi tatu, slaidi ikabaki nyuma. Tukarudisha ya pili, ikajifunga. Tatizo likifuata magazini, ni la magazini: springi yake ilikuwa laini, na midomo inayoshika risasi ilikuwa imefunguka kidogo upande mmoja.

Bei aliyotaja msimamizi ilikuwa theluthi mbili ya bei ya mpya dukani Dar es Salaam. Kwa mwili wa silaha isingekuwa mbaya. Lakini springi, kipini na magazini havipo dukani Njombe, Iringa wala Mbeya. Huagizwa kupitia muuza silaha mwenye leseni na husubiriwa. Upande mwingine, CZ 75 imetengenezwa kwa miaka mingi na vipuri vyake vinajulikana, tofauti na bastola za viwanda vilivyofungwa ambazo kifaa kimoja kikivunjika silaha inageuka chuma cha kupima uzito. Nilipendekeza gharama ya vipuri vyote vitatu iondolewe, kisha kiasi kidogo kwa ajili ya kutu. Ikashuka hadi karibu na nusu ya bei ya mpya. Mnunuzi alitaka zaidi, akataja tena rangi. Nikamwambia rangi hailipiwi wala haikatwi. Msimamizi akakubali, wakaenda kwa afande kuandikisha uhamisho. Bastola yenyewe ilibaki ghalani mpaka leseni ya mnunuzi ilipotoka.

Vipuri vilipofika nilivifunga mwenyewe, kipini kwanza, na penseli ya afande ikaruka ikagonga dari. Magazini mbovu tuliichora alama nyeupe chini ili itumike kwenye mazoezi peke yake, na ile holsta ya ngozi nikamwambia aitumie mchana tu. Usiku bastola ilale sandukuni, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta.