Jinsi nilivyojifunza kutoyatii masikio yangu angani

Nilikuwa na saa 22 za kuruka siku niliyopotea angani, mwalimu wangu akiwa kiti cha pili, mashariki mwa Nyali, Mombasa, maili chache tu kutoka ufukweni. Ilikuwa Februari, msimu wa kaskazi, na utusitusi wa joto ulikuwa umeitia bahari na mbingu rangi moja, hata ule mstari wa upeo ambao mwanafunzi wa urubani huutegemea kunyoosha mabawa haukuonekana kabisa. Mwili wangu wote uliniambia kuwa ndege imetulia sawasawa. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona dira inazunguka?" Bawa la kushoto lilikuwa limelala, tunashuka taratibu, nami sina habari. Nilipolinyoosha kwa kufuata vipimo, nilihisi kwa nguvu kwamba sasa ndipo tunapoangukia kulia, na mikono yangu ikaanza kuurudisha usukani kule kule kwenye kosa.

Siku hiyo nilielewa kwa nini mwalimu alikuwa akirudia somo la sikio. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji; kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kufuata, vinyweleo vilivyomo hupinda, na ubongo hupata habari kwamba tunageuka. Lakini mzunguko ukiwa wa polepole mno vinyweleo havipindi, na ukiendelea kwa mwendo mmoja kwa takriban sekunde 20, majimaji huufikia mwendo huo na hisia hupotea. Ukisimama, majimaji yanaendelea, nawe huapa kwamba unazunguka upande wa pili.

Niliporudi nyumbani Changamwe niliomba kiti cha ofisi cha kuzunguka kwa binamu yangu. Nikachukua kadibodi, nikachora duara sita kwa kuzungushia bilauri: juu kipimo cha kasi, katikati upeo bandia, yaani kipimo kinachoonyesha mlalo wa mabawa na pua, na altimita ya kupima kimo; chini kipimo cha kugeuka, dira, na kipimo cha kupanda na kushuka. Nikaibandika ukutani. Kila jioni baada ya magharibi mdogo wangu alinizungusha taratibu nikiwa nimefumba macho, kisha ananiuliza, "Dada, unaelekea wapi?" nami naonyesha kwa kidole. Kwa wiki nzima ya kwanza nilikosea karibu kila mara. Akikisimamisha kiti, nilifumbua macho na kutaja vipimo kwa sauti, nikiurudia upeo bandia baada ya kila kimoja, bila kukikodolea chochote macho kwa zaidi ya sekunde moja au mbili. Mama alidhani ninajitafutia maradhi.

Nilichokuwa nikingojea ni kizunguzungu kiishe, na hapo ndipo nilipokuwa nimekosea. Gherman Titov, mwanaanga wa Kisovieti aliyeizunguka dunia kwa zaidi ya siku moja mnamo Agosti 1961 akiwa na umri wa miaka 25, alihisi amepinduliwa kichwa chini na akashikwa na kichefuchefu licha ya mazoezi yote aliyopewa. Mwaka uliotangulia, wanaanga saba wa kwanza wa Marekani walifungwa mmoja mmoja mjini Cleveland ndani ya mtambo uliowazungusha pande tatu kwa pamoja, hadi mara 30 kwa dakika, na kazi yao ilikuwa kuusimamisha kwa kutazama vipimo na kusukuma kishikio. Hakuna aliyewaahidi kwamba hawatahisi kitu. Basi nikaacha kupigana na hisia, nikabaki na zoezi la macho na mikono peke yake.

Miezi miwili baadaye mwalimu alinivika kofia yenye ukingo mrefu unaoficha kila kitu isipokuwa vipimo, akaniambia nifumbe macho, akaigeuzageuza ndege, kisha akasema, "Haya, ni yako." Kichwa changu kilidai kwamba tunapanda tukilalia kulia. Upeo bandia ulionyesha pua imeelekea chini na bawa la kushoto limezama, na kasi ilikuwa ikiongezeka. Nilipunguza nguvu ya injini, nikanyoosha mabawa, kisha nikainua pua polepole, huku mwili ukipiga kelele kwamba nafanya makosa. Nilitaja kasi, kimo na dira kwa sauti, kama nilivyozoea mbele ya kadibodi.

Mwalimu akaniambia nivue kofia. Chini yetu yalikuwa mashamba ya mkonge ya Vipingo, na mabawa yalikuwa sawa na upeo.