Waliobaki Nyuma

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 25:17-18, mistari ambayo wengi wetu huipita mbio. Musa anawakumbusha Waisraeli walivyotendwa na Amaleki walipotoka Misri. Amaleki hakuwakabili mbele, waliko vijana wenye panga. Aliwavizia mkiani mwa msafara, akawapiga waliochoka, wale dhaifu waliokuwa wakijikokota. Kilichomchukiza Mungu ni kule kuchagua: mtu anautazama msafara mzima, anamtafuta asiyeweza kukimbia.

Nimelisoma neno hili nikimfikiria bibi mmoja wa hapa Likoni, baadhi yenu mnamjua. Namba ya siri ya simu yake aliandikiwa kwenye kipande cha boksi la majani ya chai, akakifunga kwenye pindo la leso. Macho hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo ujumbe ukiingia alimwita kijana wa jirani amsomee. Kijana akamsomea miezi mingi, na ile namba akaijua. Pesa za wazee zikiingia, zile elfu mbili za kila mwezi, humwambia, "Bibi, bado. Serikali imechelewesha." Bibi humshukuru, tena humpa chapati ya kwenda nayo.

Mimi ile chapati inaniuma kuliko pesa.

Kesi iko mahakamani na kijana amekiri. Alipoulizwa ana lipi la kusema kabla ya adhabu, aliomba ahurumiwe kwa kuwa ana mama mzee anayemtegemea. Watu waliguna kwenye mabenchi. Hakimu aliandika tu, akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni.

Tangu siku hiyo kwa bibi hakukauki wageni. Ndugu za kijana wameleta sukari na unga. Na sisi wa kanisani tulifika, tukamwomba ayamalize kinyumbani, tukamtajia saba mara sabini. Nilikuwemo, nakiri. Bibi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nikimsamehe, nyinyi mtamwambia hakimu kwamba hakuiba?" Tuliangalia chini.

Yesu akiwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, Marko 12:40, anasema "hawa watapata hukumu iliyo kubwa". Ikiwa ipo kubwa, basi ipo na ndogo. Kwake, nani aliyeibiwa ni sehemu ya uzito wa kosa. Sheria yetu nayo haiko mbali na hapo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa aliyekosewa nafasi ya kuieleza mahakama alivyoumia kabla adhabu haijatolewa. Hapo ndipo chapati inapoingia, maana hakuna risiti ya benki itakayoionyesha.

Sisemi kijana akaozee gereza la Shimo la Tewa. Pengine kifungo cha nje na kurudisha kila shilingi kutamfaa zaidi; hilo ni la hakimu. Lakini msamaha ni wa bibi, hatukuwa na ruhusa ya kumtolea, sembuse kumnyamazisha kwa Biblia. Amaleki alimpiga akiwa nyuma ya msafara. Sisi tulimkuta amekaa chini, tukamwambia asipige kelele.

Alhamisi bibi anavuka kwenda mahakamani kujieleza mwenyewe. Saa moja asubuhi feri hujaa, na ule mteremko wa kushukia humtesa magoti. Natafuta watu wawili wa kutembea naye polepole, na mmoja wa kumsomea karatasi za mahakama kwa sauti, neno kwa neno, kama zilivyoandikwa.