Anayebaki Nyumbani na Mama

Katika familia nyingi za Dar es Salaam ninazozifahamu, na yangu ni mojawapo, kumtunza mzazi aliyeko mkoani kumekuwa kazi ya simu. Mtu ananunua umeme wa LUKU akiwa amesimama ndani ya basi la mwendokasi, anaituma ile namba ya tarakimu 20 kwa ujumbe mfupi, na kabla hajashuka Kivukoni umeme wa nyumbani kwa mama yake umekwisha kurudi. Dawa za presha zinalipiwa kwa lipa namba ya duka la dawa, fundi wa paa anatumiwa ujira wake moja kwa moja, na vikao vya ukoo ambavyo zamani vilisubiri msiba au sikukuu vinafanyika kila siku katika kundi la WhatsApp. Sisemi hayo kwa kulalamika, kwa kuwa urahisi huo umemsaidia sana Mama. Ninaandika kwa sababu mpango wote umeegemea bega la mtu mmoja ambaye hatajwi katika orodha yetu yoyote ya michango, naye ni dada yetu anayeishi na Mama Kilosa.

Mama amevuka miaka 80. Ana presha na kisukari, na tangu apatwe na kiharusi mkono wake wa kushoto na mguu wa upande huohuo havina nguvu. Dada huamka kabla ya jogoo, huchemsha maji, humwogesha, humbadilisha mashuka, humpima sukari na kuandika kiwango katika daftari, kisha humpikia uji wa ulezi ambao ni lazima unywewe polepole kwa sababu Mama hupaliwa. Siku ya kliniki humkodia bajaji, humbeba hadi kwenye kiti, na hata pale penye dirisha la wazee yeye ndiye anayesimama, anayekumbuka majina ya dawa na anayeuliza kwa nini kidonge kimebadilika rangi. Usiku huamka kumgeuza ili mgongo usichubuke kwa kulalia upande mmoja. Kabla ya ugonjwa huo alikuwa fundi cherehani aliyepanga fremu karibu na soko na kushona sare za shule, kazi ambayo msimu wake mkubwa ni mwezi wa Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari. Fremu aliirudisha kwa mwenyewe. Cherehani sasa iko barazani, na hushonewa viraka zaidi kuliko nguo mpya.

Wako wanaouliza kwa nini Mama asiletwe mjini, na swali hilo linastahili jibu. Aliwahi kuletwa. Nyumba zetu za kupanga ziko ghorofani au zina ngazi mlangoni, mume na mke hutoka alfajiri kuwahi foleni na hurudi giza limeingia, watoto wako shule, na mzee hubaki na binti wa kazi na televisheni mchana kutwa, hali jirani hamjui jina. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, lakini kwa Mama mkoa wote huo ulikuwa chumba kimoja chenye feni. Aliomba kurudi alikozikwa mume wake, ambako akikaa barazani kila apitaye humwamkia na kumpa habari za watu anaowajua. Tulimrudisha, na nadhani tulifanya vyema. Ila uamuzi huo, ambao sote tuliupitisha kwa kauli moja, utekelezaji wake uliangukia mikono miwili tu.

Shangazi yetu anasimulia kwamba bibi yetu alipougua, wake wa ua ule walikuwa wakimhudumia kwa zamu, mmoja akipika, mwingine akifua, mwingine akilala naye chumbani, na wajukuu wakichota maji. Hakuna aliyechoka peke yake, kwa kuwa wote walikuwepo. Watu haohao ndio waliohamia Dar es Salaam, Mwanza na Arusha kutafuta kazi, na badala ya mikono yao wakaanza kutuma fedha. Kwanza zilipitia kwa dereva wa basi au kwa jamaa anayesafiri, ndani ya bahasha iliyogundishwa vizuri. Kisha mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, bahasha zikatoweka. Tangu hapo adabu ya mtumaji ikawa ni kuweka na ya kutolea, ili mpokeaji apate kiasi kamili mkononi. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, iliyokuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, adabu hiyo ilipungua katika familia nyingi, kwetu pia, na aliyebeba pengo alikuwa yule anayesimama mbele ya wakala. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo na baadaye ikaondolewa, lakini dada hakuwahi kusema neno kuhusu kilichokatwa katika miezi ile.

Fedha ina sifa moja inayoifanya ionekane kuliko kazi: inaacha ujumbe. Mimi ndiye mweka hazina wa kundi letu, na kila mwisho wa mwezi huandika orodha ya majina, kiasi na alama ya vema kwa aliyekwisha kutoa. Wajomba huisoma, watoto wetu huisoma, na shemeji aliyetuma kingi hupongezwa kwa maneno mengi ya baraka. Hakuna muamala wa kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku. Hakuna stakabadhi ya kufua shuka. Kwa hiyo mtu anayetoa zaidi ya sisi sote kwa pamoja anaonekana kwetu kama mpokeaji tu, na nimewahi kuona mmoja wetu akimtaka aeleze matumizi ya fedha ya mboga, kwa lugha ya mkaguzi wa hesabu, mbele ya kundi zima. Dada alijibu kwa heshima, kifungu kwa kifungu, hadi bei ya kiberiti.

Yaliyotokea nchini mwishoni mwa mwaka 2025 yalinithibitishia jambo hili kuliko hoja yoyote. Jumatano ya tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam tukaamriwa tusitoke nje baada ya saa kumi na mbili jioni. Zilikuwa siku za majonzi, ambazo nyumba nyingi zilifiwa, na sitaki kuzitaja kana kwamba uzito wake ulikuwa kukosa WhatsApp. Ninalolisema ni hili tu, kwamba kwa siku kadhaa kundi letu lilinyamaza, mawakala wa mtaani kwetu walifunga, na sisi tuliozoea kuitwa walezi wa Mama hatukuwa na namna ya kufanya lolote isipokuwa kuomba Mungu. Wakati huo Kilosa dawa ya kisukari ilikuwa ukingoni. Dada alikwenda kwa mwenye duka la dawa, anayemfahamu tangu enzi za fremu yake, akaandikwa kwenye daftari la madeni, akarudi na vidonge, na Mama hakukosa dozi hata moja. Simu iliposhika tena tulimkuta Mama amekula, ameoga na anauliza habari zetu.

Nilipoleta pendekezo kwamba dada awekewe fungu lake la kila mwezi, tofauti na fedha za Mama, kaka yetu mkubwa alipinga. Ninamheshimu kaka huyo, aliyetusomesha wadogo zake baada ya Baba kufariki, na hoja yake si ya uchoyo. Aliuliza mtu atalipwaje kwa kumtunza mama yake mzazi, na akasema kwamba fedha ikiingia kati ya mama na mwana, radhi hutoka. Nimeifikiria kauli hiyo kwa muda mrefu. Naona ingekuwa na nguvu kama sote tungekuwa tumeacha jambo fulani kwa ajili ya Mama. Lakini sisi wengine tuna mishahara, mifuko ya hifadhi ya jamii na viwanja tunavyojenga kidogo kidogo, na dada ana cherehani iliyoko barazani. Siku atakapozeeka hatakuwa na pensheni. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 ana haki ya pensheni jamii, iliyoanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa, na ninatamani sana Bara tungekuwa na mpango kama huo. Kwa kuwa hatuna, uzee wa dada yetu utategemea hisani ya watoto wetu, ambao hatujawafundisha kwamba wana deni kwake.

Mahakama zetu zimekwisha kulitazama jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani zinahesabika kuwa mchango wake katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa kuwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Kifungu hicho kinahusu wanandoa, na sina nia ya kumpeleka ndugu yeyote mahakamani. Lakini nilimweleza kaka kwamba, ikiwa majaji wa nchi hii waliweza kuiona kazi ya kupika na kufua kuwa na thamani inayopimika, sisi tulionyonya ziwa moja hatuna sababu ya kushindwa kuiona. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza ningependekeza kiasi gani.

Fedha peke yake hata hivyo isingemaliza tatizo, kwa sababu dada anahitaji usingizi, na usingizi hautumwi kwa simu. Hapa ndipo reli mpya imetufaa kwa namna ambayo wengi hawaitaji. Zamani kwenda Kilosa kulimaanisha basi hadi Morogoro, kisha gari lingine la kupitia Dumila na Rudewa, na mtu mwenye mapumziko ya Jumamosi na Jumapili aliona safari yote haina maana. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, na Kilosa ina kituo chake. Mtu akitoka kazini Ijumaa anaweza kulala nyumbani kwa Mama usiku huohuo. Mazungumzo mengi kuhusu reli hii ni ya mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa na ya mizigo ya nchi jirani, nayo ni mazungumzo ya haki, lakini mimi naipima kwa usiku ambao dada analala hadi jua linachomoza kwa sababu mtu mwingine yuko chumbani na Mama.

Tuliyokubaliana hadi sasa ni haya. Dada anatumiwa fungu lake kwenye laini yake mwenyewe, pamoja na ya kutolea, kabla ya mchango mwingine wowote, wala haulizwi amelitumiaje. Bima yake ya afya inalipwa na sisi, kwa sababu mgongo umeanza kumsumbua kwa kumwinua Mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na kila mmoja wetu mwenye ajira amekubali kutenga sehemu ya likizo hiyo kwa ajili ya Kilosa, wanaume wakiwemo. Hilo la wanaume lilileta mjadala, kwa kuwa kuna mambo ambayo Mama hataki kuhudumiwa na mtoto wa kiume, na anayo haki hiyo. Katika mambo hayo shemeji zetu wa kike na binti zetu wakubwa wamejitolea, na wanaume watapika, watafua na kwenda kliniki. Zamu ndefu kuliko zote imepangwa Desemba hadi katikati ya Januari, ili dada apate fremu kwa msimu na kushona sare za shule kama zamani. Wateja wake wa zamani wamekwisha kumpa vipimo.

Limebaki suala la nyumba. Baba aliiacha bila wosia, na kwa hesabu tuliyoizoea itagawanywa sawa kwa watoto wote, jambo ambalo litamwacha dada, baada ya miaka yote hiyo ndani yake, akisubiri sisi wenye makazi mengine tuamue kama iuzwe. Nimeomba lizungumzwe Pasaka hii, Mama akiwa na kauli yake, mbele ya Shangazi na wajomba, na yatakayokubaliwa yaandikwe na kutiwa saini na kila mmoja. Ndugu wawili hawajajibu. Nitawapigia tena wiki hii.