Nilivyowafundisha wanafunzi kuhoji habari za sayansi

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: wafundishe wanafunzi waangalie chanzo, likiwa gazeti kubwa na utafiti umechapishwa kwenye jarida, basi. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Mwaka 2015 mwandishi wa habari John Bohannon na wenzake walifanya utafiti mbovu kwa makusudi: watu 15 tu, wiki tatu, makundi matatu, vipimo 18. Wakatangaza kwamba chokoleti huharakisha kupungua uzito. Jarida likachapisha, na vyombo vya habari vya nchi kadhaa vikaidaka. Chanzo kilikuwepo, jarida lilikuwepo, na habari ilikuwa tupu.

Kuwaambia wanafunzi kwamba vipimo 18 kwa watu wachache ni mtego hakusaidii. Waonjeshe mtego wenyewe. Ninakata karatasi 20 za ukubwa sawa, moja naichora msalaba kwa penseli (wino huonekana upande wa pili), zote nazikunja mara mbili na kuzitia mfukoni. Msalaba ni yale matokeo ambayo bahati peke yake huyaleta mara moja kati ya 20, kiwango ambacho watafiti wengi wamezoea kukitumia kuamua kama matokeo yahesabiwe kuwa si ya bahati tu. Ubaoni naandika vipimo 18: uzito, kolesteroli, usingizi na kadhalika. Kila mwanafunzi anachomoa mara 18, mara moja kwa kila kipimo. Darasa la watu 40 linahitaji mifuko 10, la sivyo kipindi kinaisha wakiwa kwenye foleni.

Karatasi lazima irudishwe mfukoni kila mara na mfuko utikiswe. Wasiporudisha, tisa kati ya kumi watapata msalaba na hesabu yote imeharibika. Wakirudisha, ni karibu asilimia 60, yaani kama wanafunzi 24 kati ya 40. (Vipimo halisi vya mwili huwa vinahusiana, kwa hiyo hayo ni makadirio.) Kila aliyepata msalaba anaandika kichwa cha habari kuhusu kipimo chake, kisha wanavisoma mmoja baada ya mwingine: chokoleti yaleta usingizi, chokoleti yashusha kolesteroli, chokoleti yapunguza uzito. Darasa zima linatambua kwamba mfukoni hamkuwa na chokoleti yoyote. Hapo sina haja ya kueleza tena.

Mwanzoni nilikosea kwa kuleta habari za uongo peke yake. Baada ya wiki chache wanafunzi walikuwa hodari wa kukataa, na nilipowapa habari ya sigara na saratani ya mapafu wakaikataa vilevile, kwa sauti ileile ya ushindi. Nilikuwa nimewafundisha kubeza, si kupima. Sasa kila fungu la habari sita lina mbili zenye ushahidi imara, mbili dhaifu, na mbili ambazo utafiti wake ni sahihi ila kichwa cha habari kimetia chumvi.

Kwa hizo za mwisho natumia nyama iliyosindikwa. Oktoba 2015 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kilisema kula gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nawapa maharage 100, sita yamepakwa rangi, maana Uingereza takriban watu 6 kati ya 100 hupata saratani hiyo maishani. Kisha nawaambia waongeze asilimia 18. Wengi hupaka mengine 18. Nawauliza: asilimia 18 ya nini? Ya yale sita. Wanaondoa 17, linabaki moja. Hapohapo huibuka swali la kwa nini kitengo hicho kiliiweka nyama hiyo kundi moja na tumbaku, na jibu ni kwamba kundi hilo hupima uimara wa ushahidi, halipimi ukubwa wa madhara.

Tangu hapo, wakikuta asilimia isiyo na mwanzo wanaandika pembeni "kati ya wangapi?" na kwenda kuitafuta namba hiyo kwenye majedwali ya utafiti wenyewe.