Saa Mbili za Kupimwa Sukari

Ujauzito wangu ulikuwa umefikia wiki ya 26 nilipoitwa kupimwa kisukari cha mimba. Sikuwa nimekula tangu usiku, kwa hiyo kipimo cha kwanza kiliposoma milimoli 4.7 kwa lita nilimuuliza mtaalamu wa maabara sukari hiyo ilitoka wapi. "Ini lako ndilo lililokulisha usiku kucha, mama," alinijibu, kisha akanieleza kwamba mtu anapokaa bila kula, kongosho hutoa homoni iitwayo glukagoni, nayo huliamuru ini livunje akiba yake ya glikojeni na kuimimina glukosi katika damu, ili ubongo usikose nishati.

Akanipa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, kinywaji kitamu mno kilichonata kooni, akaniagiza nikimalize ndani ya dakika tano na nisitembeetembee. Muda wote niliokaa pale nilikuwa nikiyafikiria yaliyokuwa yakiendelea ndani yangu: matumbo yakipokea sukari na kutoa homoni zao za kulichochea kongosho, insulini ikiifungulia glukosi njia ya kuingia katika misuli, na ini, lililokuwa likitoa usiku mzima, sasa likipokea na kuweka akiba. Mpaka leo nastaajabu kwamba kazi kubwa namna hiyo hufanyika bila mwenye mwili kuhisi lolote.

Damu ya saa ya pili ilisoma 8.9, nayo kwa mjamzito ikifika 8.5 huhesabiwa kuwa kisukari cha mimba. Nilidhani nitakaripiwa kwa ulaji wangu, lakini daktari alianza na kondo la nyuma. Kondo hutoa homoni zinazoudhoofisha utendaji wa insulini katika mwili wa mama, hivyo glukosi nyingi zaidi hubaki kwa ajili ya mtoto, na kongosho hulazimika kuongeza insulini maradufu au zaidi. Langu halikuweza kuongeza kiasi kilichohitajika. Maelezo hayo yalinituliza kuliko pole yoyote.

Hakuniandikia sindano za insulini siku hiyo. Aliniagiza nipunguze wanga, nijipime saa moja baada ya kila mlo, na nitembee kila nimalizapo kula, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Jioni ile nilitembea nusu saa, nikajipima, nikapata 6.9.