Vinanda vitatu, kompyuta moja na kitufe cha NYAMAZA

Mimi ni mtu wa kompyuta, kinanda sijui hata kidogo, ila bendi yetu hapa Mtwara ina vinanda vitatu na mpigaji ni mmoja tu, Mjomba, na hela ya korosho ikishaingia mtaani harusi zinafuatana, leo Shangani kesho Mikindani. Kila wimbo alikuwa anabadilisha sauti kinanda kimoja kimoja huku MC anapiga porojo kujaza muda. Nikamwambia Mjomba ngoja nikutengenezee programu.

Ya kwanza ilikuwa aibu. Niliipanga ninavyofikiri mimi, chagua kinanda, chagua chaneli (MIDI, ile lugha ambayo kompyuta na vinanda vinaongea kupitia waya, inazo 16), chagua benki, yaani kundi la sauti, andika namba ya sauti. Mjomba akahangaika nayo weee, mwisho akavua miwani, "Mwanangu, mi najua nyimbo. Hayo manamba baki nayo." Nikafumua yote. Sasa kwenye skrini kuna majina ya nyimbo tu, maandishi makubwa, anagonga spesi unakuja unaofuata na vinanda vyote vinageuka kwa pamoja.

Kilichonitesa ni kuhesabu. Kwenye waya MIDI inahesabu sauti 0 mpaka 127, lakini kinanda kimoja kwenye kioo kinaandika 1 mpaka 128 na kingine kinaanza na 0 vilevile, mimi nikawa napunguza moja kwa vyote. Maharusi wanaingia ukumbini, Mjomba anasubiri tarumbeta, kioo chake kinaiita 56, programu imetuma 55, ambayo kwa General MIDI, ile orodha ya sauti ya pamoja kwa vinanda, ni okestra nzima inapiga kishindo kimoja. PAA! Bibi harusi akaruka. Wageni wakadhani ndo staili ya kuingilia, vigelegele kibao, ila Mjomba hakuniongelesha mpaka pilau inaletwa. Siku hizi kila kinanda kina faili lake, linasema kinaanza 0 au 1.

Halafu kuna kung'ang'ania. Anapiga kinanda kimoja, viwili vinaitikia kupitia kompyuta, sasa waya ukichezacheza noti haipati habari kwamba kidole kimeshaachia, inalia tu uuuuu. Nikaweka kitufe chekundu, NYAMAZA. Mwanzo kilizima noti zote 128 kwenye chaneli zote 16, yaani jumbe 2,048 za biti 30 kila mmoja, na MIDI ni ya 1983 inapitisha biti 31,250 tu kwa sekunde, kwa hiyo inakula karibu sekunde mbili, na sekunde mbili za king'ora mbele ya wakwe si mchezo jamani. Nikabakiza chaneli mbili tunazotumia, ikawa robo sekunde.

Juzi nimekuta Mjomba kabandika plasta ya kidonda juu ya spesi, kaandika kwa peni: TWENDE.